Jointi Nzito za Ekseli kwa Njia za Muleba: Sili Kwanza, Chuma Baadaye

Fungua nako ya mbele ya Land Cruiser iliyopiga kazi misimu miwili kati ya Nshamba na mialo ya ziwa bila kuguswa na fundi. Mara nyingi kinachotangulia kutoka si vipande vya chuma kilichokatika. Hutoka uji wa kijivu, mwepesi kuliko grisi na mzito kuliko oili, wenye harufu ya difu. Chukua kidogo katikati ya kidole gumba na cha shahada, usugue taratibu, na utazisikia chembe. Chembe hizo ndizo zilizoila jointi uliyoitoa, na zitaila vilevile ile mpya unayotaka kuagiza, iwe ya chuma ghali kiasi gani, endapo utaifunga ndani ya nyumba ileile inayovuja. Mwongozo huu ni wa mwenye gari la kazi, awe mnunuzi wa kahawa, msafirisha samaki au msimamizi wa magari ya hospitali na miradi, ambaye amechoka kukatikiwa jointi na sasa anafikiria zile nzito wanazofungiwa watu wa magari ya porini. Simkatazi kuzinunua. Ila kwa njia za Bukoba na Muleba, fedha ya kwanza iende kwenye sili, grisi, pumzi ya ekseli na beringi; fedha ya jointi nzito ifuate baada ya hapo, na kwa magari mengi haitahitajika kabisa.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kiungo gani. Gurudumu la mbele la gari la foo wili hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kuvuta na kukata kona. Shafti inayotoka kwenye difu haipindi, kwa hiyo karibu na gurudumu panatakiwa kiungo kinachopinda huku kikizunguka. Krosi ya kawaida, ile yenye mikono minne na vikombe vinne unayoiona kwenye propela, inapinda vizuri, lakini ina kasoro ya kihesabu: ukiipindisha nyuzi 30, upande unaopokea hauzunguki kwa mwendo mmoja, bali hushuka hadi kama asilimia 87 ya mwendo wa upande unaosukuma, kisha hupanda hadi asilimia 115, mara mbili katika kila mzunguko. Usukani wenye krosi ya namna hiyo hutetemeka kila unapokata kona. Dawa ilipatikana miaka ya 1920, mhandisi Alfred Rzeppa alipobuni jointi ya gololi sita zinazokaa kwenye mifereji kati ya kiini na kikombe, zikishikwa na kizimba kinachoziweka daima katikati ya pembe. Hiyo ndiyo sivi jointi. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984, zinayo ndani ya nako, zile ambazo mtaani huitwa mkonga kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo zikiwamo. Land Rover 110 nazo zinayo. Prado na Hilux za miaka ya karibuni zinayo pia, lakini yao haikai ndani ya nako. Imefunikwa kwa raba, na nitaigusia baadaye.

Sasa tazama njia zenyewe. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma, na ukanda wa ziwa hauna kiangazi kirefu cha kukausha barabara. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, lakini hata nje ya miezi hiyo manyunyu hayaishi. Barabara kuu ya kuelekea Biharamulo ni ya lami na haimsumbui mtu. Kazi iko kwenye matawi yake: miteremko ya kutoka mgongo wa Kamachumu kwenda ziwani, vinjia vya katikati ya vibanja, njia za rweya, yaani mbuga za nyasi, kuelekea Burigi, na mabonde ya Mto Ngono. Chini ya udongo huo kuna mawe ya mchanga, mengi kiasi kwamba wanajiolojia waliupa mfumo mzima wa miamba hiyo jina la Bukoba. Yakisagika hutoa punje za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko hata chuma cha gololi. Tope linaloruka nyuma ya tairi, kwa maneno mengine, ni msasa uliolowa. Kinachouzuia msasa huo ni sili ya kupangusa iliyo nyuma ya nako, yaani pete ya kitambaa kizito cha sufi na pete ya raba, ambazo hulifuta tufe la ekseli kila usukani unapogeuka. Sufi ikichakaa au raba ikikauka, kila kona unayokata inaingiza ndani kile ambacho kilipaswa kufutwa nje.

Maji yana mlango wa pili ambao wengi hawauoni. Juu ya ekseli kuna kijitundu cha kupumulia, chenye kofia ndogo ya chuma au mpira mfupi. Ekseli ikishapata moto kwa kupanda mlima, hewa iliyomo hutanuka na kutoka humo. Halafu gari linaingia kwenye maji ya Ngono, chuma kinapoa ghafla, na hewa ya ndani nayo inapoa. Ikishuka kutoka nyuzi 80 hadi nyuzi 25 bila kupata njia ya kuingiza hewa nyingine, shinikizo lake hupungua kwa takriban asilimia 15. Ekseli hapo huvuta kama mtoto anayenyonya mrija, na kama kijitundu kimezibwa na tope au kimezama majini, itavuta maji kupitia sili zote ilizo nazo, nzima na mbovu. Tiba yake ni mpira wa oili wa mita moja na nusu hivi, na klipu mbili, upandishwe hadi karibu na chujio la hewa ya injini. Sijui kazi nyingine kwenye gari la foo wili yenye faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo, na bado magari mengi yenye mkonga wa kuvutia ubavuni yana pumzi ya ekseli iliyoziba. Injini imelindwa isinywe maji huku difu linayanywa.

Mlango wa tatu uko ndani. Kati ya difu na nako kuna sili ya oili inayoikumbatia shafti. Ikichoka, oili ya difu husafiri hadi kwenye nako na kuiyeyusha grisi, ndiyo maana ule uji tulioanza nao ulinuka difu. Hasara hapo ni mbili: jointi inakosa grisi na difu linakosa oili. Mafundi wengi hujibu dalili hiyo kwa kuongeza grisi kupitia plagi ya juu ya nako, wiki baada ya wiki. Hilo ni kosa. Grisi mpya inachanganyika na uji wa zamani, maji yanabaki, chembe zinabaki, na nako ikijaa pomoni joto huisukuma grisi yenyewe iitoboe sili ya kupangusa. Anayejaza bila kufungua hununua miezi michache kwa bei ya jointi.

Hapo msomaji mwenye uzoefu atasema: mbona jointi zinakatika kweli, hazichakai tu, na huko Marekani na Australia watu wanaweka jointi nzito kwa sababu za kawaida zinapasuka? Hoja hiyo ina uzito, na njia ya kuipima ni kwa hesabu. Chukua Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2, inayotoa takriban nyutoni-mita 280. Gia ya kwanza huzizidisha kama mara 4.5, gia ndogo ya foo wili tuseme mara 2, difu kama mara 4.1. Kwenye karatasi unapata zaidi ya nyutoni-mita 10,000 za kugawana magurudumu manne. Lakini jointi haiwezi kubeba zaidi ya kile ambacho tairi linaweza kukishika ardhini, likizidiwa linateleza. Tairi la mbele lililobeba kilo 600, lenye nusu kipenyo cha sentimita 40, kwenye udongo uliolowa ambao msuguano wake ni kama 0.3, linateleza ikifika nyutoni-mita 700 hivi. Kwenye jiwe kavu, msuguano ukiwa 0.8, ni kama 1,900. Tope peke yake, basi, ni mto laini kwa jointi. Gari lililokwama hadi tumboni huku magurudumu yanazunguka bure halina hatari kubwa ya kukata kitu. Hatari ni ule mpito wa sekunde moja: tairi linazunguka kwa kasi kwenye utelezi, halafu linakutana na jiwe la mchanga lililo chini ya tope na kushika ghafla. Mzigo unaruka kutoka 700 hadi 1,900 na kupita, kwa sababu juu ya nguvu ya injini kuna uzito wa gurudumu zima lililokuwa linakimbia na sasa linasimamishwa. Hilo ni pigo la nyundo, na sivi jointi haipendi nyundo hasa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, ambapo gololi zimesogea kwenye ncha za mifereji na kikombe kinabaki na ukuta mwembamba wa kuzishika.

Ukiipokea hesabu hiyo, mambo mawili yanafuata. La kwanza, jointi mpya ya kiwandani kwenye gari lenye matairi ya kiwandani haikatiki kirahisi kwenye tope la Muleba. Inayokatika ni ile ambayo mifereji yake imeshachimbwa na chembe, gololi zikapata nafasi ya kucheza, na kila mshtuko ukaanza kwa kurukaruka kabla ya kubeba. Ukiokota vipande vya kikombe kilichopasuka, tazama mfereji kwenye mwanga: chuma kizima kinang'aa kwa usawa, kilichochoka kina vidonda kama ngozi ya tetekuwanga. La pili, dereva ana sehemu kubwa katika jambo hili kuliko spea. Kunyoosha usukani kabla ya kukanyaga mafuta, kuingia tope kwa mwendo wa kawaida bila kuzungusha magurudumu kama kinu, na kutorudi nyuma kwa nguvu usukani ukiwa umekatwa, ni ulinzi usio na bei. Bolti za kikomo cha usukani nazo zipo kwa ajili hiyo. Ukikuta fundi wa zamani alizirudisha ndani ili gari likate kona fupi zaidi, zirejeshe kwenye kipimo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wasimamizi wa magari ya wagonjwa. Gari linalomleta mama mjamzito hospitali ya Rubya au Ndolage usiku wa mvua halina nafasi ya kujaribu hoja za kiuchumi. Kama jointi nzito inapunguza hatari hata kidogo, si ifungwe tu? Jibu langu ni kwamba nguvu ya ekseli ni mnyororo, na ukiiimarisha pete moja, itakayokatika ni ile inayofuata. Jointi ya kawaida ikipasuka, ukifungua habu za mbele na kurudisha gari kwenye magurudumu ya nyuma, mara nyingi unaweza kutambaa hadi barabarani. Jointi ikiwa haikatiki, mshtuko uleule unahamia kwenye shafti ya ndani, na ukivuka hapo unahamia kwenye krauni na pinioni ya difu. Krauni ikivunja jino, umebadilisha tatizo la jointi kwa tatizo la difu zima. Kwa mpangilio wa kiwanda, jointi ndiyo yenye zamu ya kufa kwanza. Ukiibadilisha zamu hiyo, uwe na sababu. Kwa gari la wagonjwa, sili mpya kila baada ya misimu miwili, pumzi iliyopandishwa, na jointi moja ya kiwandani iliyowekwa akiba stoo, vinaleta uhakika kuliko jointi nzito moja ndani ya nako isiyofunguliwa miaka mitano.

Sababu za kweli za kuweka jointi nzito zipo, na zinatambulika. Gari lenye kifungio cha difu la mbele ni la kwanza, kwa sababu kifungio huondoa ule mgawanyo na gurudumu moja linaweza kubeba mzigo wa mawili. La pili ni lililoongezewa matairi makubwa: nusu kipenyo ikitoka sentimita 40 kwenda 45, mzigo wa jointi hupanda kwa asilimia 12 na ushee kabla hujaongeza hata kilo moja ya mzigo, na uzito wa tairi lenyewe huongeza nyundo. La tatu ni gari ambalo kazi yake ni kuvuta mengine, au linalopanda kila siku mteremko wa mawe matupu huku limepakia magogo au vifaa vya ujenzi. Kama lako halimo humo, ruka aya inayofuata na uende kwenye ufungaji.

Kama limo, chagua hivi. Uliza chuma. Jointi nzito za kuaminika hutengenezwa kwa chuma cha daraja la 4340, chenye nikeli, kromiamu na molibdeni, au kile cha 300M ambacho ni ndugu yake aliyeongezewa silikoni na vanadiamu. Muuzaji anayejibu tu kwamba "ni hevi duti, ni original" hajakujibu. Kisha, ukienda Mwanza au Gerezani, Dar es Salaam, au ukivuka Mutukula kwenda kutafuta Kampala, nenda na jointi yako ya zamani ndani ya gunia. Hesabu meno ya shafti pande zote mbili, maana idadi hubadilika kati ya miaka na matoleo ya gari lilelile. Pima kipenyo cha shina kwa venia. Tazama kama yako ina pete ya meno ya ABS na hiyo mpya inayo. Ishike mkononi uipindishe pembe zote. Inatakiwa iwe na ugumu ule ule mwanzo hadi mwisho, bila kukwama mahali na kulegea pengine. Mifereji iwe imesagwa laini kwa mashine, isiwe na alama za kutupwa kwenye kalibu. Bandia nyingi huharibika kwa njia moja kati ya mbili: ngozi ngumu ya juu ni nyembamba mno ikabanduka, au chuma kimekaushwa kiwe kigumu hadi ndani, kikapasuka kama sahani. Jointi njema ina ngozi ngumu na moyo mstahimilivu, na hilo jicho halioni, kwa hiyo rudi kwenye jina la mtengenezaji na risiti. Na ukinunua jointi nzito, nunua na shafti ya ndani ya daraja lilelile, vinginevyo umehamisha mpasuko sentimita ishirini kuelekea kwenye difu.

Kuna njia ya bei nafuu ambayo wauzaji wa spea hawaitangazi. Gari huenda mbele zaidi kuliko linavyorudi nyuma, hivyo mifereji ya jointi huchakaa ubavu mmoja. Jointi inayogonga "tak-tak-tak" kwenye kona kali, lakini haina ufa wala vidonda virefu, inaweza kuhamishiwa upande wa pili wa gari na mwenzake ikaja upande wake. Ubavu ambao haukuwahi kubeba ndio sasa unabeba. Kwa jointi za kiwandani zenye umri, hiyo inaweza kukupa miaka mingine. Lakini kama kizimba kina ufa, hata mdogo kama unywele, tupa.

Ufungaji uanze kwa usafi na ardhi ngumu. Gereji nyingi za huku zina sakafu ya udongo, kwa hiyo weka ubao mpana chini ya stendi, kinga magurudumu ya nyuma kwa mawe, na usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kalipa ya breki ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake. Kwenye habu utakutana na washa za koni zinazong'ang'ania kwenye stadi. Usizichokonoe kwa bisibisi. Rudisha nati hadi ncha ya stadi ili kulinda nyuzi zake, kisha gonga ubavu wa kifuniko kwa nyundo ya shaba, na zitaruka zenyewe. Nati kubwa ya beringi ya Land Cruiser hutaka soketi ya milimita 54. Ukiona kwenye nati alama za patasi, ujue aliyetangulia hakuwa nayo, na huenda beringi zilikazwa kwa kukisia. Ukitoa shafti, ivute imenyooka na kuibeba. Uzito wake ukiulalia mdomo wa sili ya ndani umeiharibu kabla ya kuanza. Osha kila kitu kwa dizeli, kausha kabisa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na uji wa zamani ukusanye kwenye kopo. Usiumwage kwenye mfereji unaoelekea kibanja cha jirani.

Kabla ya kuweka sili mpya, pitisha ukucha mahali sili inapokaa kwenye shafti. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, shafti imeliwa na sili mpya itavuja ndani ya mwezi. Vivyo hivyo kwa tufe la nako: Land Rover za zamani, ambazo nako zake nyingi huendeshwa kwa oili badala ya grisi, zina tufe lililopakwa kromu, na kromu ikishapata vidonda vya kutu itaikata sili yoyote utakayoweka. Badilisha tufe, au piga moyo konde ukubali kuvuja. Beringi za kingipini nazo zisiachwe. Zikilegea, nako inacheza, shafti haikai katikati ya sili, na unarudi ulikotoka. Zitengue huku ukitenga shimu za juu na za chini kwa kuzifunga kwa uzi tofauti. Ukishafunga, kabla ya kuweka sili ya kupangusa na kabla ya kuunganisha usukani, tundika mizani ya kuning'iniza, ya aina ileile wanayopimia samaki mwaloni, kwenye tundu la mkono wa nako. Ivute taratibu kwa pembe ya mraba na usome kilo pale nako inapoanza kusogea. Linganisha na kitabu cha gari lako. Ikisogea kwa uzito mdogo mno, punguza shimu, ikigoma, ongeza. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa kuwa hakuna kitu kinacholalamika siku hiyo. Hulalamika baadaye, usukani unapopiga mtikisiko kwenye makorongo.

Grisi iwe ya lithiamu namba 2 yenye molibdeni. Iingize kwenye jointi kupitia tundu la shafti katikati ya kiini, uisukume kwa kiganja hadi uione ikitoka kati ya gololi zote sita, siyo tatu zinazokutazama. Nako yenyewe ijazwe robo tatu, nafasi iliyobaki ni ya joto. Ndani ya shina la habu kuna bushi ya shaba ambayo mara nyingi husahaulika. Jointi nzito kwenye bushi iliyoisha hucheza kama mchi kwenye kinu kipana. Ibadilishe, ipake grisi. Ukifika kwenye pete ya mwisho ya kuzuia shafti, tia bolti kwenye tundu la ncha na uivute shafti nje, ndipo pete iingie bila kubishana. Kaza beringi za habu kwa kipimo huku ukizungusha gurudumu, zikae, legeza, kaza tena, halafu kunja washa ya kufuli.

Wenye Prado, Surf na Hilux zenye springi huru mbele wana hesabu fupi zaidi. Kwao raba ndiyo kila kitu. Ukiinua gari kwa springi ndefu, jointi hufanya kazi ikiwa imepinda hata barabara ikiwa imenyooka, mikunjo ya raba husuguana, na ikichanika siku ya mvua jointi huisha ndani ya safari chache. Lala chini ya gari kila mwisho wa mwezi na tochi. Michirizi ya grisi upande wa ndani wa tairi ni ya kushughulikiwa siku hiyohiyo, raba ni nafuu. Na krosi za propela, kwa magari yote, zipigwe grisi hadi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ukiitengua propela weka alama ya patasi pande zote mbili za mlingoti unaoteleza, kwani ikirudishwa meno yakiwa yamehama, ile kasoro ya kihesabu haifutwi na krosi ya pili na gari litatetemeka mwendo ukiongezeka.

Kazi ikikamilika, tafuta uwanja mtupu wa udongo, siyo lami, funga habu, ingiza foo wili, kata usukani hadi mwisho na uende taratibu duara moja kila upande huku vioo viko chini. Usisikie kitu. Baada ya kilomita 500, inua tena gurudumu, shika tairi juu na chini, litikise. Beringi mpya hulegea kidogo zikishakaa na hapo ndipo pa kuzikaza. Halafu tazama tufe la nako. Utando mwembamba wa grisi, kama mafuta yanayobaki kwenye kisu cha nyama, ni wa kawaida. Ukikuta matone yenye harufu ya difu kwenye ukingo wa ndani wa rimu, sili ya ndani haikukaa, na kazi irudiwe kabla ya mvua za Machi.